Chuma cha Kushoto

Watu wanaochota mchanga kwenye kijito kilicho chini ya shamba letu hawapotezi kitu. Sepetu yao ikigonga kitu kigumu wanakifukua, wanakipangusa, halafu wanaulizana ni nani kinaweza kumfaa. Ndiyo maana juma lililopita punda wao alisimama mbele ya gereji yetu hapa Kathiani. Juu ya mzigo wake wa mchanga kulikuwa na chuma kirefu cha mviringo, kimevaa kutu mwili mzima, chenye meno madogo madogo kwenye ncha zote mbili.

"Nduku, hii ni kitu ya gari ama ni ya nini?" mmoja akaniuliza. "Tungepelekea watu wa vyuma kuukuu, lakini tumesema kwanza fundi aone."

Nilishukuru, nikakipokea kwa mikono miwili. Baba alikuwa amekwenda mjini Machakos kununua bolti. Nilikilaza juu ya benchi nikainama karibu. Kilinuka kutu na tope. Lakini katikati ya yale meno, mahali ambapo mchanga haukufika, kulikuwa bado na grisi nyeusi, na harufu yake iliponipanda puani nikawa na miaka saba tena. Hakuna mtu mwingine aliye hai aliyejua chuma kile kilifikaje mchangani. Susu, nyanya yangu, alijua, na Susu tulimzika mwaka jana.

Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma hadi darasa la nane, na hata kuandika naandika polepole, neno moja nalitazama vizuri kabla ya kuita lingine. Lakini ninyi wa rika langu, hasa mliolelewa karibu na kitanda cha nyanya, naamini mtanivumilia.

Kwanza ni pikapu. Baba alikuwa nayo kabla sijazaliwa, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, na kazi yake ilikuwa kubeba matangi na mabomba ya maji hadi Mwala, kwenye mito ya mchanga ambako gari dogo likiingia linaitiwa ng'ombe wa kulivuta. Watu waliiita Kavaluku, yaani sungura, kwa sababu haikutembea, iliruka. Haikuacha jiwe lolote bila kulisalimia. Sisi tulioketi nyuma tuliijua barabara yote kwa makalio.

Iliruka kwa sababu ya tosheni. Magari mengi ya kazi ya zamani hayana springi za mviringo mbele. Yana vyuma viwili virefu vilivyolala chini ya tumbo, kimoja kushoto na kimoja kulia. Gurudumu likipanda jiwe, chuma kinajisokota, na likishuka, kinajirudisha. Baba alinieleza jambo hilo siku moja Mama alipokuwa akifua. Alichukua shuka iliyolowa, akanipa ncha moja, akaikamua mpaka ikawa ngumu kama kamba.

"Sasa achilia," akasema.

Niliachilia. Shuka ikajizungusha yenyewe, ikanirushia maji usoni.

"Hiyo ndiyo tosheni, Mwaitu."

Aliniita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ndivyo tulivyo Wakamba: msichana akibeba jina la nyanya, baba yake humwita mama, na humwonea haya kidogo hata anapotaka kumchapa. Kwa hiyo nyumbani palikuwa na Mwaitu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na Baba akiita kutoka chini ya gari tuliitika sote wawili.

Mwaka baada ya mwaka Baba alikaza bolti za zile tosheni ili pua ya Kavaluku iinuke, ivuke mito bila kukwama. Pua iliinuka kweli. Lakini chuma kilichokwisha kukazwa hadi mwisho hakina tena nafasi ya kusokotwa, na gari likawa gumu kama kiti cha mawe. Baba hakujali. Matangi hayalalamiki.

Halafu Susu akaanguka. Aliteleza kwenye matuta akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga ya kushoto. Hospitalini walimfungua wakamtia chuma. Alirudi na bahasha kubwa ya kahawia yenye picha ya eksirei, na mgeni akija kumpa pole, mimi ndiye niliyetumwa kuishika picha ile dirishani ili mwanga upite.

"Tazameni," Susu angesema kutoka kitandani, karibu kwa majivuno. "Huyo ni mimi, ndani."

Katika ule weusi mlikuwa na mifupa kama moshi, na katikati ya mfupa chuma cheupe kilichonyooka, chenye meno ya skrubu. Wageni walishika midomo. Mimi niliyekuwa nimeshika picha nilikitazama chuma kile siku nyingi, hadi nikakijua kama mtu anavyoujua uso.

Safari ya kumtoa hospitali ilikuwa kwa Kavaluku, nayo ndiyo iliyoharibu mambo. Kwenye lami ilikuwa nzuri, lakini kutoka lami hadi kwetu kuna kipande cha mawe, na pale Susu alimwita Mungu kwa majina yake yote, kisha akamwita Baba kwa jina ambalo sitaliandika. Tulipofika, alitamka akiwa bado ameshikilia mlango:

"Mimi na hii gari yako tumeachana. Siku nyingine ukinipandisha, nitakuwa ndani ya sanduku."

"Pole, Mwaitu," Baba akasema, na jasho lilikuwa linamtoka kuliko yeye.

Susu akakaa miezi bila kutoka kiwanjani. Alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, mdogo wake aitwaye Kalondu, aliyeolewa Mwala. Zamani walitembeleana kila baada ya mavuno, wakibebeana mbaazi na maembe na masengenyo. Jumapili moja simu ilikuja. Macho ya Kalondu yalikuwa yanamwishia, na mwanawe anayefanya kazi Voi angekuja Jumamosi kumchukua, akaishi kwake moja kwa moja.

Susu alimrudishia Baba simu.

"Akifika Voi na mimi niko na huu mguu, tumemalizana," alisema. "Nataka anione. Si mimi nimwone yeye. Yeye anione, akiwa bado ako na macho."

"Nitafute teksi, Mwaitu?"

"Teksi itafika wapi? Pale kwa mto itanimwaga."

Alikuwa na haki. Kwa Kalondu hakukufikika ila kwa gari la juu, lenye nguvu za kuvuka mchanga. Yaani Kavaluku. Baba alitoka nje akasimama mbele yake, mikono kiunoni, kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyemwaibisha kanisani.

Jumatatu alirudi kutoka mjini na vitu viwili vizito ndani ya gunia: koili mbili za chuma kinene, yaani springi za mviringo, kila moja imevikwa juu ya shokabu yake ya kutuliza mitikisiko, zimetolewa kwenye gari lililokufa. Alikuwa ameona gari moja la watu wa mbio za porini limefanyiwa hivyo: tosheni zimetolewa, koili zimesimamishwa mahali pa shokabu za zamani, na gari likapita juu ya mawe kama juu ya godoro. Alimwita rafiki yake Mutiso, fundi wa kuchomelea, mtu mrefu mwenye miwani myeusi iliyokaa kwenye paji la uso hata siku asizokuwa na kazi.

Mutiso aliziangalia koili, akamwangalia Kavaluku, akacheka.

"Fundi, unataka punda awe ndege?"

"Nataka punda abebe mama yangu."

"Haya. Na wewe, Nduku mdogo, unajua hii koili ni nini? Ni ile tosheni tu, imekunjwakunjwa ndio iingie mahali padogo. Chuma ni kile kile. Imepewa adabu, ndiyo tofauti."

Waliinua pua ya gari kwa jeki, wakaiweka juu ya magogo. Baba alilegeza zile bolti alizokaza kwa miaka, na zililia. Kisha akagonga kwa nyundo, polepole, na tosheni ya kushoto ikateleza ikatoka, ikinuka grisi. Ilikuwa ndefu karibu sawa na mimi. Akaitazama akatikisa kichwa.

"Imechoka hii. Lakini hatuitupi. Kazi ikikataa, tunarudisha."

Alipotoa na ya kulia, aliziandika kwa chaki, K kwenye ya kushoto na mduara kwenye ya kulia. Aliniambia kwamba ya kushoto haiwekwi kulia hata siku moja, kwa kuwa kila moja imejifunza kusokotwa upande wake. Halafu akazifuta vizuri, akazifunga kwa shuka safi kuukuu ili vijana wa vyuma kuukuu wasizione, na akaziingiza mahali salama kuliko pote nyumbani: chini ya kitanda cha Susu.

Mimi nilisimama mlangoni nikiona chuma kirefu chenye meno kikilazwa chini ya Susu, kimefungwa shuka, kama vitu vinavyofungwa hospitalini.

Jioni ile mguu ulimuuma Susu, na nikamsikia Baba akimtuliza. "Daktari alisema hicho chuma kikiendelea kukusumbua, kitatolewa kiwekwe kingine."

Sikuuliza kitu. Katika maisha yangu makosa yangu mengi yametokana na hilo, kutouliza. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu. Chuma kingine kilikuwa kimeshapatikana. Kilikuwa chini ya kitanda. Vilikuwa viwili, na Susu alikuwa na miguu miwili. Na Baba mwenyewe alikuwa amesema kimechoka! Akilini nilimwona Susu akienda kanisani akirukaruka kama Kavaluku, akimwita Mungu kwenye kila jiwe, na nikajua hakuna mtu wa kumwokoa isipokuwa mimi.

Jumanne Susu alipotolewa nje aote jua, na Baba na Mutiso wakawa na makelele ya mashine ya kusaga chuma, niliingia chini ya kitanda. Vyote viwili sikuviweza. Nilichagua chenye K, kwa sababu nyonga iliyovunjika ilikuwa ya kushoto. Nilikivuta kwa kamba ya mbuzi kupitia mahindi hadi kijitoni, na mahali tulipokuwa tukichimba visima vya maji ya kunywa nilichimba kwa mikono mpaka mchanga ukawa baridi. Nilikizika. Nikakipigapiga kwa kiganja, kama mtu anavyomlaza mtoto. Nilirudi nikifuta njia yangu kwa tawi, na ile shuka niliijaza miti ya mbaazi nikairudisha ilivyokuwa. Kwa siku mbili nilikula vizuri sana.

Alhamisi koili zilikuwa zimesimama mahali pake. Juu, Mutiso alikuwa amezifunga kwenye kishikio kile kile kilichokuwa cha shokabu za zamani. Baba alishusha jeki. Kavaluku akashuka, akatulia, pua ikiwa juu. Mutiso akapiga makofi. Baba akapanda, akaendesha hadi kwenye geti na kurudi, na kweli gari liliyumba taratibu kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Alipogeuza mara ya pili, gurudumu la kulia likaingia kwenye mtaro. Tukasikia mlio kama wa mti unaopasuka.

Kavaluku alipiga goti. Alipiga goti kabisa, kama mbuzi mdogo anayenyonya.

Baba akalala chini ya gari, akakaa huko muda. "Kile kishikio cha shokabu," alisema akiwa bado chini. "Hakikuwekwa na waliotengeneza gari ili kibebe uzito. Kazi yake ilikuwa kutuliza tu. Uzito wote ulikuwa kwa tosheni. Tumemtwika mtoto gunia la baba yake."

"Ni mimi sikufikiria," Mutiso akasema, na safari hii hakucheka.

"Tulikuwa wawili wa kutofikiria." Baba alitoka akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. "Basi. Jumamosi ni kesho kutwa. Narudisha tosheni. Mwaitu akikubali kukaa juu ya mito, aende. Akikataa, asiende."

Akaingia ndani. Nikasikia shuka ikifunguliwa, na miti ya mbaazi ikamwagika sakafuni.

Sitaki kuandika yote aliyoyasema. Alienda hadi kwa watu wa vyuma kuukuu sokoni akarudi mikono mitupu. Alimuuliza Mama, aliuliza majirani. Mimi alinipita mara tatu nikiwa nyuma ya tangi la maji, na hakuniuliza, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba msichana anayeogopa kuku angeweza kubeba tosheni. Wakati huo huo mawingu yalikuwa yamekusanyika milimani, na mvua ikaanza kupiga mabati.

Susu aliniita. "Nduku wakwa. Njoo unikande mguu."

Niliingia. Nilishika mafuta, lakini yeye alikuwa akitazama vidole vyangu. Ndani ya kucha kulikuwa bado na mchanga mweupe wa kijitoni.

"Umeipeleka wapi?"

Nilienda nikaitoa ile bahasha ya kahawia, nikaishika picha ya eksirei dirishani, nikaonyesha chuma cheupe kwa kidole, kisha nikaonyesha chini ya kitanda. Kisha machozi yakatoka, na nyuma yake maneno yote kwa mara moja: kwamba kimechoka, kwamba kina grisi, kwamba kitamfanya aruke.

Susu aliitazama picha, akanitazama mimi. Halafu akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega tu, akishika nyonga na kusema "woi, woi, mguu wangu," na kuendelea kucheka, na akalia pia, na akanivuta kichwa akakiweka kifuani pake palipokuwa na harufu ya ugoro na mafuta ya kujipaka.

"Kwa hiyo uliona wataniwekea hiyo yote? Ingetokea wapi, kwa sikio?"

Kisha akakoma. "Kimbia ukaichukue, kabla baba yako hajapasuka."

Nilikimbia kwenye mvua. Nilipofika kwenye ukingo niliusikia mto kabla sijauona. Maji mekundu yalikuwa yakishuka kutoka milimani, yamebeba matawi na viatu vya watu, na pale nilipokuwa nimechimba hapakuwa na mahali. Nilirudi nikamwambia Susu.

Susu aliutazama mguu wake. Najua sasa alikuwa akipima nini. Tosheni isiporudi, hakuna gari, na bila gari hakuna Kalondu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeizamisha safari yake, nikidhani ninamwokoa. Angeweza kunikasirikia na nisingemlaumu hata leo. Alinifuta uso kwa leso yake, akapaza sauti:

"Wewe! Njoo hapa."

Baba akasimama mlangoni akitiririka maji.

"Hicho chuma usikitafute tena. Kimeenda."

"Kimeenda wapi, Mwaitu? Umeona aliyechukua?"

"Nimeona. Na sitakuambia."

"Mwaitu! Ni kijana wa jirani? Ama umemuuzia mtu?"

"Tangu lini mimi nikauza vyuma? Nimesema kimeenda. Sasa huna cha kurudisha nyuma. Una hizo koili zako. Uliniambia jana ni kama godoro. Ama ulikuwa unanidanganya?"

"Sikudanganya."

"Basi nenda ukatengeneze. Mimi Jumamosi asubuhi nitakuwa nimevaa viatu."

Baba alijifuta maji usoni. Kwetu mtu habishani na mama yake hadi mwisho, hata akiwa na ndevu. Alitoka. Baada ya muda nikamsikia akimwambia Mutiso, "Lete chuma kinene. Kinene kuliko tulichofikiria."

Ijumaa yote walifanya kazi chini ya turubai. Walikata sahani nene ya chuma kutoka kwenye kitako cha kinu kibovu cha kusagia mahindi. Wakaifanya vikombe viwili vya kuzishikia koili juu, wakavichomelea kwenye mfupa mkuu wa gari, si kwenye kile kishikio cha zamani. Kisha Baba akasimama, akaviangalia, akasema havitoshi. Wakaunganisha kikombe cha kushoto na cha kulia kwa bomba zito lililopita juu ya injini, ili upande mmoja ukisukumwa, mwingine uusaidie.

"Leo hatutengenezi gari," Mutiso akasema, akipuliza vidole vilivyoungua. "Leo tunajenga kanisa."

"Jenga, halafu utaomba."

Jumamosi jua lilipotoka Susu alikuwa amevaa viatu. Aliagiza uji, akamiminiwa kwenye kibuyu hadi ukingoni, na akaketi kiti cha mbele akiwa amekiweka mapajani bila kifuniko.

"Mwaitu, si ufunike?" Baba akauliza.

"Ukimwagika nitajua, na wewe utajua. Endesha."

Mimi nilikaa katikati yao. Sijawahi kumwona mtu akiendesha namna ile. Baba hakutazama barabara, aliutazama uji. Tulipita kile kipande cha mawe ambako Susu aliita majina, na Kavaluku akainama, akainuka, akainama, akainuka, kama mzee anayekaa kitini na kuondoka bila kuumwa. Uji ulizunguka ndani ya kibuyu, ukafika mdomoni, ukarudi. Susu hakuita jina lolote. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya goti langu, na kila shimo lilipokuja ulinikaza, halafu, baada ya shimo, ukalegea. Tulipofika mbali nilihisi umelegea tu, haukazi tena.

Kwenye mto wa mwisho, mchanga ukiwa mzito kwa mvua, gari lilitumbukia upande wa kushoto, na tone moja la uji likaruka likaanguka kwenye leso. Baba akashika breki. Susu alilitazama lile tone, akalichota kwa kidole, akakilamba.

"Sukari kidogo," akasema. "Twende."

Mwana wa Kalondu alikuwa amekwishafika kwa miguu kutoka barabarani, na mizigo ilikuwa imefungwa mlangoni. Kalondu alikuwa ameketi kwenye kiti uani, amevaa koti la safari katika lile joto. Aligeuza kichwa kusikiliza injini. Baba alimshusha Susu, akamshika kiunoni, na Susu akatembea na fimbo yake hadi akasimama karibu sana, akainama, akauweka uso wake mbele ya uso wa mdogo wake kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Kalondu aliupapasa kwa macho polepole, kutoka paji la uso hadi kidevu.

"Umezeeka, Nduku."

"Na wewe wanasema huoni, lakini hilo umeliona!"

Walicheka hadi Kalondu akaanza kukohoa. Kisha walishikana mikono na kukaa, na uji ule wakaunywa wote wawili kwa kupokezana, mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia miguuni na yule kijana akasema kwamba wakichelewa watakosa gari la Voi. Hawakuonana tena baada ya siku ile. Lakini Susu hakulalamika juu ya jambo hilo hata mara moja. Alipotajiwa Kalondu alisema tu, "Aliniona."

Siri yangu aliikalia hadi mwisho. Baba aliamini mwizi ni mtoto wa jirani anayefichiwa. Tosheni ya kulia Mutiso aliichonga ncha ikawa mtaimbo wetu, na Kavaluku akawa gari la kuonyeshwa watu. Walianza kuja wenye magari kutoka Mwala, kisha Kola, kisha mbali zaidi, kila mtu akitaka pua yake ikae kama ile. Kutokana na kazi ile Baba alifungua gereji, na mimi nilipomaliza shule niliingia humo nikajifunza. Kila mteja mpya amesimuliwa kisa cha chuma kilichoibwa, na kila mara Baba amemaliza kwa maneno yale yale: "Kama si yule mwizi, ningerudisha tosheni na leo ningekuwa nabeba matangi. Siku nikimpata, nitamnunulia soda." Mara mia nimesikia hivyo, spana mkononi, na mara mia nimeinamisha kichwa.

Kuna jambo jingine. Tangu tulipomzika Susu, Baba hakuniita tena Mwaitu. Ananiita Nduku, kama wanavyoniita wateja. Sikumuuliza. Niliona jina lile limeondoka na mwenyewe.

Basi juma lililopita alirudi na bolti zake, akakikuta chuma juu ya benchi. Alikitambua kabla hajakigusa. Alikigeuza, akaikwangua ncha yake kwa bisu hadi alama ya kiwandani ikaonekana.

"Hii ni ya kushoto," akasema polepole. "Hii ni ile yangu. Imetoka wapi?"

"Kijitoni," nikasema. "Mimi ndiye niliyeizika."

Nilimwambia yote, nikitazama sakafu: picha ya eksirei, shuka safi, kamba ya mbuzi, mto uliokuja. Hakunikatiza.

"Na mama yangu alijua?"

"Alijua siku ile ile. Alicheka."

Baba alikiweka chuma chini. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Niliokota brashi nikaanza kuisugua ile kutu ili mikono yangu iwe na kazi.

Alirudi ameshika chupa mbili za soda ya machungwa, ile aliyoipenda Susu. Alifungua moja kwa ncha ya spana, akaiweka mbele yangu juu ya benchi, kando ya tosheni. Macho yake yalikuwa mekundu na mdomo wake ulikuwa unacheka.

"Kunywa, Mwaitu," akasema.